Seva Moja, Milango Miwili: Kwa Nini Orodha ya Manunuzi Ina Kadi za Mtandao za Ziada



Katika orodha ya manunuzi ya robo hii, iliyopelekwa kwa kamati za sharika na kwa marafiki wanaochangia mradi wa TEHAMA, kuna mstari mmoja uliouliziwa maswali kuliko mingine yote. Mstari huo unasema: kadi mbili za mtandao kwa ajili ya seva, swichi mbili, na kebo zake. Kamati moja ilituandikia barua kuuliza kama seva iliyonunuliwa haikuja na kadi yake. Rafiki mmoja wa ng'ambo aliuliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kuongeza kasi ya intaneti. Maswali yote mawili ni ya haki, na majibu yake hayaenei kwenye safu ya "maelezo" ya fomu ya manunuzi. Ndiyo maana tumeomba kurasa hizi.

SEVA MOJA, WAPANGAJI WENGI

Miaka ya nyuma kila kazi ilikuwa na kompyuta yake. Mfumo wa hospitali ulikaa kwenye mashine moja, hesabu za dayosisi kwenye nyingine, mafaili ya ofisi kwenye ya tatu. Kila mashine ilikula umeme wake na kuhitaji betri yake ya akiba, na sehemu kubwa ya siku ilikaa bure, kwa kuwa kazi moja haiwezi kumaliza nguvu za kompyuta nzima. Siku hizi tunanunua kompyuta moja yenye nguvu, yaani seva, kisha tunaweka ndani yake programu inayoigawa katika kompyuta nyingi zisizo na mwili. Hizo huitwa mashine pepe. Kila mashine pepe hujiona ina kumbukumbu yake, diski yake na anwani yake ya mtandao, ingawa chuma ni kimoja. Programu za kugawa seva kwa namna hiyo zinazojulikana sana ni VMware, Hyper-V ya Microsoft, na Proxmox VE kutoka Vienna, Austria, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2008 na imejengwa juu ya Linux.

Ni kama nyumba ya kupanga. Badala ya kujenga vibanda vitano, umejenga nyumba moja yenye vyumba vitano, paa moja na msingi mmoja. Faida yake kila kamati inaielewa haraka: bili ya umeme inapungua, vipuri vinapungua, na fundi ana mahali pamoja pa kuangalia.

Lakini nyumba hiyo ina lango moja. Zamani waya wa kompyuta ya hesabu ukichomoka, mhasibu peke yake ndiye aliyelalamika. Sasa waya wa seva ukichomoka, wapangaji wote watano wamefungiwa ndani. Mashine zote zinaendelea kufanya kazi, taa zinawaka, diski zinazunguka, wala hakuna kilichoharibika. Ila hakuna anayeweza kuzifikia. Mwaka jana jambo hilo lilitupata. Ulimi mdogo wa plastiki kwenye kichwa cha kebo ulikuwa umekatika, kebo ikalegea kwenye tundu lake, na kwa muda wa nusu siku dirisha la mapokezi la hospitali likaandika wagonjwa kwenye daftari. Duka la dawa halikuweza kuona maelekezo ya daktari, na maabara ikatuma majibu kwa vikaratasi. Madai ya bima ya siku hiyo ilibidi yaingizwe upya jioni kutoka kwenye makaratasi, na kila aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua ni makosa mangapi huingia hapo. Kilichokatika ni plastiki isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Kwa hiyo kamati iliyotuuliza kama seva haikuja na kadi tunaijibu hivi: ilikuja nayo, tena nzuri. Tatizo si ubovu wa kadi hiyo. Tatizo ni kwamba tumehamishia mizigo yote kwenye daraja moja.

TIMU YA KADI NI NINI

Ndani ya seva iliyogawanywa kuna kitu kinachoitwa swichi pepe. Haionekani kwa macho, lakini inafanya kazi ileile ya swichi tunayoiona ukutani: mashine pepe zote zimechomekwa humo, na humo ndimo ujumbe wao unapopita kuelekea nje. Swichi pepe nayo lazima itoke kupitia kadi halisi ya mtandao, kadi yenye tundu la chuma ambalo fundi anachomeka kebo.

Kuunda timu ya kadi ni kuchukua kadi halisi mbili au zaidi na kuziunganisha ili swichi pepe izione kama kadi moja. Ikifa moja, ujumbe unapita kwenye nyingine. Mashine pepe hazijui kilichotokea, anwani zao hazibadiliki, na karani wa mapokezi haoni kitu isipokuwa labda kituo cha sekunde moja kwenye skrini. Swichi ya ukutani nayo hujifunza upya yenyewe kwamba mashine fulani sasa inapatikana kwenye tundu jingine, mara tu mashine hiyo inapotuma ujumbe kupitia njia mpya.

Wazo hili si geni. Kanuni ya kimataifa ya kuunganisha njia za mtandao ilipitishwa mwaka 2000 na taasisi ya wahandisi ya IEEE kwa namba 802.3ad, na mwaka 2008 ikahamishiwa namba 802.1AX. Linux imekuwa na uwezo huo kwa miaka mingi. Kwa upande wa Microsoft, hadi ilipotoka Windows Server 2012 ulilazimika kutegemea programu ya mtengenezaji wa kadi, na mafundi wengi wa umri wetu wanakumbuka jinsi programu hizo zilivyokuwa zikigombana na masasisho ya mfumo.

KASI: HAPA NDIPO WENGI WANAPOTELEZA

Sasa turudi kwa rafiki yetu wa ng'ambo na swali la intaneti. Tungependa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu limeandikwa vibaya katika maombi mengi ya fedha, na mfadhili anayeahidiwa kasi maradufu ana haki ya kuidai.

Timu ya kadi haiongezi kasi ya intaneti hata chembe. Ofisi yenye intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde na seva yenye kadi ya megabiti 1000 tayari ina kadi yenye uwezo mara 20 ya kile kinachoingia kutoka nje. Kuongeza kadi ya pili hapo ni sawa na kupanua mlango wa ghala wakati barabara ya kufika ghalani ni ya mguu. Anayetaka intaneti ya kasi aongee na kampuni inayoileta.

Hata ndani ya jengo, kasi haiongezeki kwa namna ambayo watu hufikiri. Chukua kanisa lenye milango miwili. Ibada ikiisha, watu mia nne watatoka haraka zaidi kuliko kama mlango ungekuwa mmoja. Lakini mtu mmoja hatoki haraka zaidi, maana hawezi kupita milango miwili kwa wakati mmoja. Mtandao nao uko hivyo. Mazungumzo kati ya kompyuta moja na seva hupita kwenye kadi moja tu, na hilo limefanywa makusudi: yakigawanywa vipande kwenye kadi mbili, vipande vingefika bila mpangilio, na kompyuta inayopokea ingepoteza muda kuvipanga au kuomba virudiwe.

Tutoe mfano wa hesabu. Kadi ya gigabiti 1 husafirisha kwa kweli megabaiti zipatazo 110 kwa sekunde. Nakala ya akiba ya gigabaiti 200 ikitoka kwenye seva kwenda kwenye kifaa kimoja cha kuhifadhia, itachukua kama nusu saa hata mambo yakienda vizuri. Ukiweka kadi ya pili bado itachukua nusu saa. Kitakachobadilika ni kwamba, kama timu imepangwa kugawana kazi, karani wa mapokezi aliye kwenye kadi ya pili hatausikia mzigo huo.

Na hata ugawaji huo una masharti. Kadi ipi itumike huamuliwa kwa hesabu inayofanywa juu ya anwani za wanaozungumza. Kama vituo vyote vya afya vinafika kwenye seva kupitia rauta moja, na hesabu inatazama anwani ya kifaa kilicho jirani tu, basi wote wanaonekana kama mtu mmoja, yaani ile rauta, na wote wanabanwa kwenye kadi moja huku ya pili ikisinzia. Fundi mzuri hubadilisha mpangilio ili hesabu itazame pia anwani za mbali. Fundi asiye mzuri huandika kwenye ripoti kwamba kadi mbili zinafanya kazi, nanyi hamtajua.

Sisi tunaomba kadi hizi kwa ajili ya usalama wa huduma. Ikija na nafuu ya mwendo, tutashukuru, lakini hatuiandiki kwenye malengo ya mradi.

AINA TULIYOCHAGUA

Linux ina namna saba za kuunda timu, zenye namba 0 hadi 6. Hatutazipitia zote, nyingine hazifai kabisa kwa seva yenye mashine pepe. Mbili ndizo za kuzungumzia.

Namba 4 ni ile inayofuata kanuni ya IEEE tuliyoitaja. Seva na swichi huzungumza kila mara kwa utaratibu uitwao LACP: kila upande unamthibitishia mwenzake kwamba kebo hizi mbili ni za timu moja na zote ni nzima. Kadi zote mbili hufanya kazi pamoja. Ni njia nzuri, na watengenezaji wa Proxmox wenyewe huipendekeza pale swichi inapoimudu. Lakini inahitaji swichi inayoweza kupangwa, na kwa kawaida kebo zote mbili lazima ziende kwenye swichi hiyohiyo moja. Ukitaka kebo moja iende swichi ya kwanza na nyingine swichi ya pili, unahitaji swichi za aina inayoweza kuungana na kujifanya moja, na bei yake ni ya ngazi nyingine.

Namba 1 ni ya kawaida zaidi: kadi moja iko kazini, nyingine inasubiri. Haihitaji makubaliano yoyote na swichi, hivyo kila kebo inaweza kwenda kwenye swichi yake, hata swichi rahisi kabisa zinazouzwa madukani. Unapoteza ugawaji wa kazi, maana kadi ya pili hukaa bure hadi itakapohitajika. Unachopata ni kwamba sasa kinaweza kufa kebo, au kadi, au swichi nzima, na seva bado ina njia.

Tumechagua namba 1. Katika mazingira yetu swichi hufa mara nyingi kuliko kadi. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua swichi, na radi za masika huzimaliza kupitia waya zinazotoka jengo hadi jengo. Kati ya timu ya kadi inayokimbia lakini yote inaning'inia kwenye swichi moja, na timu inayotembea taratibu lakini ina swichi mbili, sisi tunaichukua ya pili bila kusita.

Hata hivyo kuna jambo ambalo muuzaji hatawaambia. Swichi ya kwanza ikifa, seva itahamia ya pili, lakini kompyuta za watumishi zilizochomekwa kwenye swichi iliyokufa zitakuwa zimekufa nayo. Kwa hiyo tumepanga madirisha kwa zamu: dirisha la kwanza la mapokezi liko swichi A, la pili swichi B, kompyuta moja ya duka la dawa iko A, nyingine B, maabara vivyo hivyo. Swichi mbili zimeunganishwa kwa kebo moja katikati ili wote wafikie seva siku za kawaida. Siku ya tatizo, nusu ya madirisha yanabaki wazi na foleni inaendelea, ingawa kwa taabu.

VINAVYOONEKANA VIWILI KUMBE NI KIMOJA

Tumeona mahali pengi kadi mbili zilizowekwa kwa fedha halali na ambazo hazimsaidii mtu. Kamati inaweza kuyaona makosa hayo yenyewe, bila kuwa na utaalamu, kwa kufuata waya kwa kidole.

Kadi moja yenye matundu mawili bado ni kadi moja. Ikiungua yanaondoka yote mawili. Seva nyingi zina matundu kwenye ubao wake mkuu, basi ni vema timu iwe na tundu moja la ubao na tundu moja la kadi iliyochomekwa pembeni. Swichi mbili zilizochomekwa kwenye ekstensheni moja ya umeme ni swichi moja. Kebo mbili zilizopita kwenye bomba moja darini ni kebo moja kwa panya. Na kebo mbili za shaba zilizozikwa kwenye mtaro mmoja kati ya majengo ni kebo moja kwa radi; kati ya majengo tunashauri kebo ya nyuzi za kioo, ambayo haipitishi umeme.

Wale wanaotumia Hyper-V wawe na tahadhari ya ziada wakati wa kununua. Tangu Windows Server 2016 Microsoft imeleta timu inayojengwa ndani ya swichi pepe yenyewe, inayokubali hadi kadi nane, na kuanzia Windows Server 2022 timu ya mtindo wa zamani haiungwi tena na swichi pepe ya Hyper-V kwa njia ya kawaida. Timu hiyo mpya hudai kadi zifanane: mtengenezaji mmoja, aina moja, kasi moja. Kwa hiyo ushauri wetu wa kuchanganya tundu la ubao na kadi ya pembeni haufai kwao. Wanunue kadi mbili za aina moja. Linux haina sharti hilo.

Tukiwa bado kwenye ununuzi, wako waliouliza kwa nini hatutumii VMware, ambayo mafundi wengi wamefundishwa. Ni programu nzuri. Lakini kampuni ya Broadcom iliinunua VMware mwezi Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza kuacha kuuza leseni za kudumu, ikabaki ya kulipia kwa kipindi. Mradi wa miaka mitatu unaweza kulipa ada hiyo. Mwaka wa nne, mfadhili akiwa ameaga, ada inabaki kwa dayosisi. Proxmox hutumika bila ada ya leseni, na anayetaka msaada wa kampuni hulipia kwa mwaka.

UFUNGAJI

Kazi yenyewe si ya siku nyingi. Inafanywa usiku au Jumapili mchana, na inafanywa fundi akiwa mbele ya seva. Hili tunalisisitiza. Unapobadilisha mtandao wa seva ukiwa mbali, unakata tawi ulilokalia: ukikosea herufi moja, huna tena njia ya kurudi kusahihisha. Seva nyingi kubwa zina tundu la pekee la usimamizi, kama lile la iLO kwenye mashine za HP au iDRAC kwenye za Dell, ambalo linampa fundi skrini hata mtandao wa kawaida ukiwa umelala. Likiwepo, liunganishwe kwanza na lijaribiwe.

Kwenye Proxmox fundi huanza kwa kunakili faili la mpangilio wa mtandao, ili kama mambo yakiharibika arudishe la zamani. Kisha anaunda timu, ambayo mfumo huiita bond0, anaingiza kadi zote mbili ndani yake, na kuchagua namna ya kusubiriana. Baada ya hapo anakwenda kwenye swichi pepe, iitwayo vmbr0, na mahali palipokuwa na jina la kadi ya zamani anaandika bond0. Anwani ya seva inabaki kwenye swichi pepe. Kadi zenyewe hazipewi anwani. Kipimo kiitwacho miimon huwekwa 100, maana yake mfumo uangalie hali ya kebo kila milisekunde 100, yaani mara kumi kwa sekunde. Hatuteui kadi kuu. Tukiteua, swichi iliyozimika ikirudi seva itakimbilia kwake mara taa inapowaka, na swichi nyingine huwasha taa kabla hazijawa tayari kupitisha kitu. Bila kadi kuu, seva hukaa ilipo hadi papatokee sababu ya kuhama.

Onyo moja kwa wenye mikono ya haraka. Usichomeke kebo ya pili kabla timu haijaundwa, na usiingize kadi zote mbili moja kwa moja kwenye swichi pepe bila timu. Ukifanya hivyo umetengeneza duara. Ujumbe unaotumwa kwa wote utatoka kadi hii, utarudi kwa kadi ile, utatoka tena, na kwa kuwa ujumbe wa ngazi hii hauna umri wa kufa, utazunguka bila mwisho na kuongezeka hadi mtandao mzima usimame, hospitali na ofisi pamoja. Tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1985 mhandisi Radia Perlman wa kampuni ya DEC nchini Marekani alibuni utaratibu wa swichi kugundua duara na kulifunga zenyewe. Swichi za bei nafuu mara nyingi hazina utaratibu huo.

KAMATI ICHOMOE WAYA YENYEWE

Hapa tunazungumza hasa na kamati za miradi. Msikubali kusaini hati ya kupokea kazi kwa sababu taa mbili zinawaka. Taa mbili zitawaka hata timu ikiwa imepangwa vibaya.

Jaribio ni hili. Karani mmoja akae dirishani akifungua kumbukumbu za majaribio kwenye mfumo. Fundi kwenye kompyuta ndogo atume mwito kwa seva kila sekunde na majibu yaonekane yakishuka kwenye skrini. Kisha mjumbe wa kamati, si fundi, achomoe kebo A. Majibu yaendelee, likipotea moja au mawili si neno. Rudisheni kebo A, subirini dakika mbili, chomoeni kebo B. Halafu zimeni swichi A kwenye umeme, na baadaye swichi B. Mwisho zimeni seva nzima na kuiwasha kebo moja ikiwa imetolewa, kwa maana kuna mipangilio inayofanya kazi vizuri hadi siku umeme utakapokatika. Kila hatua iandikwe saa yake na majibu yaliyopotea. Karatasi hiyo ndiyo tunayoiambatisha kwenye hati ya malipo ya mwisho, na mkataba unasema hivyo tangu mwanzo.

Kuna jambo ambalo jaribio hili haliwezi kulionyesha. Mfumo unatazama kama kebo ina uhai, yaani kama kuna swichi upande wa pili inayowasha taa. Swichi ikiganda, taa ikiwaka lakini haipitishi kitu, seva haitajua na haitahama. VMware ina namna ya kutuma ujumbe wa kupima njia nzima, lakini inahitaji walau kadi tatu ili ijue upande upi ndio mbovu. Kwetu sisi dawa ni ya mkono: kebo zimebandikwa alama A na B kwa rangi mbili, na kwenye mlango wa kabati kuna karatasi inayomwambia mtumishi wa zamu kwamba mfumo ukisimama huku taa zinawaka, achomoe A, asubiri dakika moja, kisha apige simu kwa fundi.

UBAYA WA KITU KISICHOLIA

Kabla ya timu, kebo ikikatika kelele zilisikika hadi ofisi ya Askofu. Baada ya timu, kebo ikikatika hakuna anayesikia kitu. Huduma inaendelea, watu wanafurahi, na seva inatembea kwa mguu mmoja kwa miezi hadi mguu wa pili utakapokatika. Hapo mtarudi kwenye daftari, tena mkiwa na mshangao, maana mlilipia isitokee.

Kwa hiyo kadi mbili zinaleta kazi ambayo haikuwepo: lazima mtu aangalie. Kwenye Linux kuna faili, /proc/net/bonding/bond0, linaloeleza kadi ipi iko kazini, ipi inasubiri, na kila moja imeanguka mara ngapi tangu seva iwashwe. Fundi wa dayosisi atalisoma faili hilo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na kuandika namba hizo kwenye kitabu cha seva. Namba ya maanguko ikipanda wakati umeme haukukatika, kebo hiyo ibadilishwe hata kama bado inafanya kazi. Tumeomba pia seva itume barua pepe hali ikibadilika, lakini hatuitegemei peke yake, kwa sababu barua pepe nayo hupita kwenye waya haohao.

Kamati zilizoomba kuona vifaa kabla ya kufungwa zinakaribishwa ofisi ya miradi siku yoyote ya kazi kabla ya saa tisa alasiri. Kadi ya tatu, ambayo baadhi yenu mmeiona kwenye orodha na kuuliza ni ya nini, ni ya akiba. Itakaa kwenye kabati la mhasibu pamoja na kebo nne zilizokwisha kupimwa, na itatoka kwa saini.